Droo ya Nne na Mtani Asiyejibu

Kwenye ukuta wa mlango mkubwa wa Hospitali ya Ndolela kulikuwa na misumari thelathini na miwili, na kofia nyeupe thelathini na moja. Kila nesi aliyestaafu bila doa hutundikwa pale. Kofia yake, jamani, si yeye mwenyewe. Msumari wa thelathini na mbili uligongwa mwezi wa saba, bado unang'aa, na mwenye msumari alikuwa Nesi Ludgera Ngonyani, Mngoni wa Songea, miaka hamsini na tisa na miezi kumi na nusu, magoti mabovu, ulimi mzima.

Kila asubuhi alisimama pale akautazama msumari wake kama bibi harusi anavyoutazama mlango wa kanisa. Kofia ya jirani ilikuwa ya marehemu Nesi Kunigunda, aliyemfundisha kazi kwa makofi na uji.

"Nakuja, mama," Ludgera huiambia ile kofia. "Nisogezee kidogo."

Zilibaki wiki sita. Mtu mwingine angezimaliza kwa kunyamaza tu. Lakini Ludgera na kunyamaza hawajawahi kupanga nyumba moja. Tena kulikuwa na Karani.

Karani hakuwa mtu. Alikuwa jicho la kioo kwenye dari ya Wodi Namba Tatu, sauti ya kijana aliyelelewa na mashangazi, na kabati la chuma lenye droo sita. Kila mgonjwa alivishwa kikuku, na kikuku kilimpelekea Karani mapigo, presha, joto, hata jasho. Hospitali arobaini na mbili za nyanda za juu zilikuwa na Karani huyohuyo mmoja. Alichojifunza Ndolela asubuhi, zote arobaini na mbili zilikijua kabla chai haijapoa. Hakulala, hakula, hakusengenya. Ubaya wake ulikuwa mmoja: mzaha ulimpita kama mvua inavyompita bata.

Mwezi wa nane Ludgera alimwambia mgonjwa mmoja wa Kihehe, "Leo nakuzika, na nusu ya sanda nashona gauni." Karani akaita walinzi wawili. Mwezi wa tisa alimshika mwingine miguu akamwambia, "Viatu vyako niachie, huko uendako watu wanatembea peku." Wakaja walinzi wanne.

Matroni Asteria Chaula, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyokaa puani kama hakimu, alimwita ofisini.

"Dada Ludgera, Wangoni na Wahehe ni watani, hilo hata kuku wanalijua. Karani halijui. Likitokea la tatu, lolote lile, msumari tunaung'oa."

"Nimesikia, Matroni."

"Na mdomo?"

"Huo nao umesikia, ila una masikio yake."

*

Kitanda cha saba alilala Mzee Vitalis Mhongole, Mhehe mfuga nyuki mwenye mizinga sitini na minne. Wa sitini na tano ndio uliomwangusha alipokuwa akiutundika juu ya mti. Mguu wa kushoto ulifungwa hogo zito la plasta, na juu ya goti palikuwa na kidonda kidogo kinachosafishwa kila siku. Nyuma ya kitanda, kwenye ndoano, ilining'inia kofia yake ya kazi, pana, yenye wavu, inayonuka moshi wa miaka thelathini. Aligoma kulazwa bila hiyo kofia.

Ludgera alikuja kumpima. Aligeuza mgongo kwa lile jicho la dari, akashusha sauti.

"Mhehe, hujafa tu?"

"Nasubiri wewe utangulie ukanifagilie," Mzee alijibu, naye kwa sauti ya chini kama mwizi wa mahindi. "Hebu niambie, Mngoni. Hizo droo sita za nini? Mnafugia panya wenu?"

"Panya tulishawamaliza, sasa tunakungoja wewe. Hizo ni droo za mshtuko."

"Mimi nikishtuka hunywa ulanzi."

"Si mshtuko wa kuambiwa mkwe anakuja. Huu ni wa mwili. Una vinyungu vya mboga bondeni?"

"Vitatu."

"Basi mwili ni kinyungu. Maji yasipofika kwenye matuta, mboga zinanyauka. Huo ndio mshtuko. Sasa kwa nini hayafiki? Labda pampu imechoka: huo ni wa moyo, droo ya tatu. Labda maji yenyewe yamekwisha, mtu katoka damu au kaharisha mpaka choo kimemwonea huruma: droo ya pili. Labda gogo limeziba mfereji: droo ya sita. Labda mlinzi wa milango ya mifereji, anayekaa kwenye uti wa mgongo, kapigwa rungu, milango yote ikabaki wazi: droo ya tano. Labda wadudu wameingia kwenye mifereji, inavuja kila mahali: droo ya kwanza, ya maambukizi. Na kuna siku mifereji inapandwa na wazimu kwa kitu kidogo tu, karanga, dawa, mwiba wa nyuki. Inatanuka yote kwa pamoja, maji yanapotelea humo. Huo ni wa mzio, droo ya nne."

"Ipi inafunguliwa sana?"

"Mwaka huu, wodi hii? Ya kwanza mara sitini na moja. Ya pili kumi na nane. Ya tatu kumi na tano. Ya nne mara nne. Ya sita mara mbili. Ya tano imejaa buibui. Miaka thelathini na saba ya kazi, huo wa uti wa mgongo nimeuona mara tatu tu, na mmoja wao alianguka kutoka mtini kama wewe."

"Nesi Ngonyani," sauti ya dari ilisema kwa adabu, "tafadhali usimtishe mgonjwa."

"Namfundisha."

"Mapigo yake yamepanda kwa nne."

"Ni mapenzi hayo, Karani. Andika."

Karani akaandika, maskini.

Lile kabati lilikuwa na sheria zake. Kikuku kikionyesha mtu anazama, Karani hukisia ni mshtuko upi, akafungua droo moja. Akishindwa kujua kwa hakika, hukisia ule unaotokea sana, kama watu wengi tu. Na kwa kuwa unaotokea sana hutokea sana, mara nyingi alipatia. Nesi aliruhusiwa kumpinga, ila lazima ataje kwa sauti aina na chanzo. Na alichotaja nesi, Karani alikibeba kama Injili, akakipeleka hospitali zote arobaini na mbili.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne, na Jumatano alfajiri kumbikumbi wakatoka ardhini kama wameitwa kwa ngoma. Ludgera aliwakinga kwa beseni chini ya taa ya kibaraza chake, akawapukuta mabawa, akawakaanga na chumvi mpaka wakalia ka! ka! kwenye sufuria. Akajaza kopo la maziwa ya unga.

Kuleta chakula cha nje wodini kulikatazwa. Ludgera alilijua katazo hilo vizuri. Yeye ndiye aliyelibandika mlangoni.

"Mhehe," alinong'ona saa nne asubuhi, mgongo ukiwa umeliziba jicho la dari. "Wewe umezoea nyama inayobweka. Leo nimekuletea nyama yenye mabawa."

Mzee Vitalis alitazama kopo. Alisita. Ludgera aliona kule kusita, na hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye.

"Hawa sijawala tangu nikiwa mdogo," Mzee alisema.

"Basi sema umeshindwa, nichukue kofia yako hiyo inayonuka."

Hapo Mhehe gani atakataa? Mtani akikupa chakula ukakikataa, umeshindwa, na anachagua kitu chako anaondoka nacho. Mzee alichota konzi ya kwanza. Akachota ya pili. Ya tatu akaitafuna huku akimkazia macho, akafuta chumvi kwenye ndevu.

"Umewaunguza, kama mababu zako walivyounguza vita."

Ludgera alicheka mpaka akaliangusha kopo mfukoni mwa aproni bila kulifunika, akaenda kumbadilishia dripu mama wa kitanda cha tatu.

Baada ya robo saa alirudi akipita.

"Mhehe, umeshaandika wosia?"

Mzee hakujibu.

"Weye! Nauliza, mizinga unamwachia nani?"

Mzee alimtazama kama anamtazama mtu wa mbali, akajikuna shingo, akafumba macho.

Ludgera aligeuka, akasogea kitandani. Alitazama kikuku: presha nzuri, mapigo juu kidogo. Karani kimya. Kila kitu sawa, ila Mhehe ametukanwa mara mbili na Mngoni, naye hajajibu.

Alifunua shuka. Kifua kilikuwa na mabaka yaliyoinuka kama ramani. Mdomo wa chini umeanza kuwa mnene. Pumzi ikatoa mluzi mdogo. Ndipo kikuku kilipolia, presha ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba.

"Tahadhari," Karani alisema. "Kitanda cha saba. Mgonjwa ana kidonda. Uwezekano wa mshtuko wa maambukizi, asilimia sabini na tisa. Nafungua droo ya kwanza."

"Funga! Ni mzio! Fungua ya nne!"

"Mzio ni asilimia tano. Taja chanzo."

"Daktari yuko wapi?"

"Chumba cha upasuaji, anamzalisha mama. Dakika kumi na nne. Taja chanzo, Nesi Ngonyani."

Kopo lilikuwa mfukoni mwake, bado halijafunikwa. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na mwisho wa korido aliuona msumari wake ukimetameta. Hakufikiri hata kwa pumzi moja. Ulimi ulifikiri kwa niaba yake.

"Nyuki!" alisema. "Kaumwa na nyuki. Dirishani."

Tak! Droo ya nne ikafunguka.

Mikono yake ilijua kazi. Adrenalini kwenye paja, upande wa nje. Mzee akalazwa chali, miguu juu ya mito pamoja na hogo lake. Oksijeni usoni. Dripu ikafunguliwa ikimbie. Dakika tano, sindano ya pili. Ludgera alimshika mkono akamsemesha muda wote, matusi matupu, ya mama na ya baba na ya mbwa wa jirani, kwa sauti kubwa, walinzi waje kama wanataka.

Katika lile tusi la tisa, au la kumi, mdomo mnene ukasogea chini ya barakoa.

"Mngoni... kelele... kama kanga wa porini."

Ludgera alikaa chini sakafuni palepale, akalia na kucheka kwa mafungu sawa.

*

Mpaka saa nane mchana Karani alikuwa ameshafanya kazi yake.

"Pongezi, Nesi Ngonyani. Ulipatia nilipokosea. Nimekuandika kwenye orodha ya sifa. Taarifa ya nyuki wodini imefika hospitali arobaini na mbili. Madirisha yote yamefungwa."

Kweli yalikuwa yamefungwa. Joto la mwezi wa kumi na moja lilikaa wodini kama mgeni asiyeaga. Getini, mama muuza asali alikuwa ameambiwa asogeze meza yake hatua mia mbili, naye alikuwa akiwaambia walinzi mambo ambayo hata Ludgera alijifunza mawili matatu.

"Kuhusu mgonjwa," Karani aliendelea, "nimeandika hivi: asikaribie nyuki maisha yake yote. Ofisi ya ufugaji nyuki imearifiwa. Mizinga yake sitini na minne itahamishwa kabla ya Ijumaa. Vyakula vyote anaruhusiwa."

Mzee Vitalis alikuwa amekaa, kaegemea mto, uso umeanza kurudi kwenye ukubwa wake. Alisikia yote. Ludgera alisubiri acheke. Hakucheka.

"Nyuki," Mzee alisema taratibu. "Mimi. Wameniuma tangu nina miaka sita. Wakipitisha wiki bila kuniuma nadhani wamenikasirikia."

Ludgera alikung'uta mto ambao haukuwa na vumbi.

"Mama yangu alinikataza kumbikumbi," Mzee akaendelea. "Alinipiga nikiwa nao mkononi. Miaka yote nikadhani alitaka awale wote yeye." Akamtazama usoni. "Sasa sikiliza, mtani. Ule msumari nimeuona nilipoletwa na machela. Mimi sisemi kitu. Mizinga atachukua mdogo wangu. Itundike kofia yako."

Hapo ndipo alipomuua. Angemtukana, angemtishia, angedai mbuzi, Ludgera angekuwa na la kujibu. Lakini kumhurumia! Mhehe kumhurumia Mngoni, hadharani, mchana kweupe!

Alitoka mpaka chini ya jicho la dari, mwisho wa wodi.

"Karani. Nikuulize. Ningetaja kitu kingine, si nyuki. Chakula, tuseme. Ungefungua droo?"

"Ndiyo. Chanzo chochote ulichokiona mwenyewe kingetosha."

"Kwa haraka ileile?"

"Ileile."

Kwa hiyo ule uongo haukumwokoa Mhehe hata kidole. Uliokoa msumari. Na mwakani mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mwenye cheti cha "vyakula vyote anaruhusiwa" angepewa sahani ya kumbikumbi, mbali na hospitali yoyote. Na hizo hospitali arobaini na mbili, zikiona mtu kavimba msimu wa kumbikumbi, zingetafuta nyuki dirishani.

Alipotoka kazini jioni aliipita kofia ya Kunigunda bila kuisalimia. Ilikuwa mara ya kwanza.

*

Ripoti ya asubuhi husomwa saa moja na nusu, manesi wote wamesimama, Matroni mbele. Siku hiyo walikuwa wakitoka jasho kama wali ulioiva. Ludgera aliingia na kopo, akaliweka juu ya meza, ko!

"Matroni, naomba nizike."

"Umzike nani tena, Dada Ludgera?"

"Kofia yangu. Kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni ndiye anayesimama kaburini kusema ukweli wa marehemu, yale ambayo ndugu wanayameza. Mtani wangu amevunjika mguu hawezi kusimama, basi nitajisemea." Akajishika kiuno. "Marehemu alikuwa kofia safi, ila kichwa chini yake kilikuwa cha hovyo. Hakuna nyuki. Ni kumbikumbi, niliwakaanga mimi, nikamletea mimi, nikamlazimisha kwa utani mimi. Nikaulizwa chanzo, nikasema nyuki ili nising'olewe msumari. Karani, umenisikia?"

Karani aliisoma upya taarifa yake kwa sekunde tatu nzima. Kwake yeye hizo ni kama likizo ya mwezi.

"Taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo?"

"Uongo mtupu."

"Sahihisho limetumwa kwa hospitali arobaini na mbili. Mizinga haitahamishwa. Mgonjwa amekatazwa kumbikumbi."

"Sahihisho umeandika kwa maneno gani?"

"Kwa maneno yako. Pamoja na kichwa cha hovyo."

Madirisha yakafunguka yote kwa mpigo, pa! Upepo ukaingia, sketi zikapepea, na manesi kumi na wawili wakaangua kicheko ambacho walikuwa wamekishika tangu neno "nizike". Matroni alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Msumari, Dada Ludgera..."

"Najua, Matroni. Sheria niliibandika mwenyewe."

"Nina swali," Karani alisema. "Sekunde tisini kabla ya kikuku kulia, ulikuwa umeshafunua shuka. Presha ilikuwa nzuri. Ulijuaje?"

"Nilimtukana, akanyamaza."

"Sielewi."

"Vuta kiti," Ludgera alisema, kisha akakumbuka. "Basi sikia hapohapo ulipo. Damu ikianza kupungua kichwani, mtu bado anaweza kukutajia jina lake, na siku, na rais. Hayo ameyakariri. Lakini kujibu utani kunataka kichwa kizima. Utani ndio unaoondoka wa kwanza."

"Walinzi niliowaita mwezi wa nane," Karani alisema polepole. "Ulikuwa unapima?"

"Nilikuwa nacheza na kupima. Hujaona mama akimtekenya mtoto mwenye homa?"

*

Mzee Vitalis aliruhusiwa siku tisa baadaye. Alisimama kwa magongo mawili katikati ya wodi, kofia ya wavu kichwani, akingoja Karani amalize kumkagua.

"Presha nzuri," Karani alisema. "Mapigo mazuri. Kidonda kikavu. Kipimo cha mwisho." Akakohoa, yeye asiye na koo. "Mzee Mhongole. Tukuzike lini?"

Mama wa kitanda cha tatu alijishika mdomo.

Mzee aliinua uso polepole mpaka kwenye lile jicho la dari.

"Anza wewe, bati usiye na makalio! Nitakuchonga mzinga, nyuki wakutagie machoni!"

"Mgonjwa anajibu," Karani alisema, na wapo wanaoapa kwamba sauti ilitetemeka kidogo. "Hali yake ni nzuri. Ruhusa imetolewa."

Mzee akaburuta hogo lake mpaka mlango mkubwa, Ludgera pembeni akimshika kiwiko na kumwita konokono. Matroni alikuwa amesimama pale na koleo mkononi. Alikuwa amekuja kung'oa msumari wa thelathini na mbili, na kwa namna fulani alikuwa bado hajauanza.

Mzee alimtazama Matroni. Akatazama koleo. Akavua kofia yake, ile pana yenye wavu, inayonuka moshi wa miaka thelathini, akaitundika kwenye msumari.

"Mngoni aliniahidi ataichukua nikishindwa," alisema. "Konzi tatu, nikazima. Nimeshindwa. Kofia ni yake, na hapo ndipo pa kofia zake."

"Kofia isiyosajiliwa imetundikwa ukutani," Karani alisema kutoka korido. "Niite walinzi?"

Matroni Asteria alitia koleo mfukoni.

"Kilichotundikwa na mtani hakitunguliwi," alisema. "Andika."

Karani akaandika, na hospitali arobaini na mbili zikajua kabla chai haijapoa.

Ludgera alibaki pale mpaka gari la Mzee lilipopotea kwenye kona. Kisha akaisogelea kofia ya Nesi Kunigunda, akainyoosha ukingo wake kwa kidole.

"Vumilia, mama," alisema. "Ina harufu kidogo. Lakini nimefika."